Chupa Ambayo Sikuitaja

Jumapili iliyopita binti yangu alinipeleka Edgbaston, hapa hapa Birmingham, kwenye nyumba ya masista ambayo inafungwa kwa sababu waliobaki ndani yake ni wanne, na wote ni wazee kuliko mimi. Waumini walikuwa wamealikwa kwenda kuagana nao na kunywa chai. Tulishuka kwenye tramu, tukatembea chini ya miti mikubwa ya mtaa ule wa watu wenye nafasi, tukafika. Mlango ulipofunguliwa ikatoka harufu ya nta ya sakafu iliyosuguliwa kwa mikono, imechanganyika na sabuni ya dawa. Nikasimama kizingitini.

"Mama, ingia, watu wanataka kupita," binti yangu aliniambia.

Nikamwambia siingii. Aliona haya mbele ya wauguzi wenzake wa hospitalini waliokuja pia kuagana, akaninong'oneza kwamba uzee umenitia ukaidi. Haukuwa ukaidi. Pale kizingitini nilikuwa na umri wa miaka tisa.

Mimi sikusoma. Haya ninayasema, na mjukuu wangu anayaandika. Nimemwagiza asipambe neno, asipunguze neno, wala asinihurumie. Ninasema na ninyi wa rika langu mliolelewa kando ya misheni, mnaojua namna mtoto alivyoweza kuishi katika dini mbili bila kujua kwamba ni mbili.

Kwetu ni milima ya Taita. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa sijamjua, nikalelewa na mdogo wake, Wakesho. Kwa desturi nilipaswa kumwita mama mdogo, na ndivyo nilivyomwita mbele za watu, lakini sikuwa na mama mwingine. Mumewe alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge kule tambarare, akija nyumbani kwa nadra. Mama mdogo mwenyewe alikuwa mpishi wa masista. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na nikiugua hakunipima joto kwa kiganja bali kwa shavu. Alilaza shavu lake juu ya paji langu, kwa kuwa viganja vyake, alisema, vilikwisha kufa kwa moto wa jikoni.

Zahanati ya misheni ilikuwa chini ya Sista Winifrida. Alikuwa mzaliwa wa mji huu huu ninaoishi sasa. Akitusimulia habari za Birmingham, alisema kwamba kwao nyumba zimeegemeana mabega kama watu wanaoona baridi, nasi tulimcheka, tukidhani anatupima akili. Leo ninakaa Aston katika mojawapo ya nyumba hizo, na siku za mechi, umati unapopita barabarani ukiimba, vikombe vyangu hutikisika pamoja na vya jirani. Hakutudanganya hata kidogo. Alikuwa kijana bado, na alikuwa amekaa milimani miaka miwili tu. Maneno yetu aliyajua vizuri kuliko Mzungu yeyote aliyemtangulia. Aliyokuwa hajayajua ni yale tuliyoyaacha bila kuyasema kwa sababu kila mtu aliyajua.

Mojawapo ni hili. Kwetu mtu hakufa bure. Kwamba homa huletwa na mbu, na jeraha huletwa na panga, hilo hata mtoto alilijua. Lakini mbu huwauma watu kumi, na mmoja ndiye anayelala. Kwa nini huyo? Wazee wetu walijibu kwamba mahali fulani uko moyo wa ndugu uliofura hasira ya haki ambayo haijasemwa. Hasira hiyo humtoka mwenyewe bila ridhaa yake, ikaenda kuharibu. Huo si uchawi, kwani mchawi hukusudia. Kwa hiyo anapougua mtu hatafutwi mkosaji, hutafutwa moyo. Na mwenye moyo huo akipatikana haadhibiwi. Hukiri mbele ya watu, hupewa maji, huyajaza kinywani na kuyapuliza nje kama umande, akitamka kwamba amepoa. Tendo hilo tunaliita kutasa. Akimaliza, watu humshukuru. Ndivyo nilivyofundishwa: kutaja kwamba mtu ana hasira ni kumfanyia wema.

Mama mdogo alijifungua mtoto wa kiume, naye alizaliwa dhaifu. Kaka wa mumewe ndiye aliyekuwa katekista wetu, tukimwita Mwalimu Petro. Padre alikuwa safarini kwenye vigango vya mbali, na wakati kama huo Mwalimu aliruhusiwa kumbatiza mtoto aliye hatarini. Mama mdogo alimwendea mara mbili. Mara ya pili mimi nilikuwa nimeshika upindo wa kanga yake.

"Shemeji, mtoto hanyonyi."

"Watoto wote hukataa titi. Padre anarudi Jumamosi. Mbona unataka kunivika upadre kwa nguvu?"

"Mmwagie maji tu, shemeji. Maji nimeyachota mwenyewe, haya hapa."

"Wewe ni mpishi, Wakesho. Angalia sufuria zako."

Mtoto alifariki Alhamisi. Kwa kuwa hakubatizwa, Mwalimu Petro alikataa azikwe katika makaburi ya misheni. Akazikwa nje ya ua, upande wa zizi, mahali ambapo ng'ombe wa mapadre walipita kila juma wakienda josho. Mama mdogo hakulia mbele ya mtu. Aliendelea kupika, na kila alasiri alimpa Mwalimu bakuli lake la uji kwa mikono miwili, macho chini, kama ilivyokuwa wajibu wake.

Haikutimia miezi miwili, Mwalimu Petro akafa. Alianguka uani muda mfupi baada ya uji, akatapika, akajikunja kama mtu anayetafuta kitu ndani ya tumbo lake mwenyewe, na kabla ya kengele ya jioni alikuwa amekwisha.

Alasiri ile, kabla ya uji, mimi nilikuwa nyuma ya ghala nikichambua mchicha. Nilimwona Mwalimu akiingia ghalani, mahali alipokuwa akificha chupa ya divai iliyosalia misani. Siri hiyo sisi watoto wote tuliijua, na tulipenda kumwigiza anavyofuta masharubu. Katika rafu iyo hiyo ilihifadhiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nayo ilikuwa imemiminwa katika chupa iliyofanana na ile ya divai. Nilimwona akitoka amekunja uso. Alitema mate mara mbili, akafuta midomo kwa mkono wa shati. Nilicheka peke yangu, nikaendelea na mchicha.

Maiti ilipelekwa Mombasa ikapasuliwe, na kutoka huko huko akaja askari kanzu, Inspekta Athumani. Alikuwa Mswahili mnene, mpole, mwenye koti lisilofungika na daftari alilolifunga kwa uzi. Lugha yetu hakuijua. Kwa hiyo Sista Winifrida, ambaye ndiye aliyemwinamia Mwalimu akikata roho, aliombwa kumtafsiria; lakini kabla siku ya kwanza haijaisha alikuwa mpelelezi kama yeye. Walipita wote wawili jikoni wakinusa vikombe. Walipima kwa hatua umbali wa kutoka kibarazani hadi mahali alipoangukia marehemu. Waliukomba uji uliobaki katika bakuli, ambalo Sista alikuwa amelifungia kabatini tangu siku ile, wakampa kuku jike mwekundu, wakamfunga mguu kwenye nguzo ili wamtazame. Saa ya sala ilipofika Inspekta alitandika mkeka chini ya paa la zahanati, na Sista akazunguka upande wa pili na rozari yake, kisha wakakutana tena pale kwa kuku.

Niliwasikia wakitaniana kibarazani, mama mdogo akiwamiminia chai; Kiswahili nilianza kukisikia, ingawa kukijibu sikuweza.

"Ninyi mna bahati, Sista," Inspekta alisema. "Mtu anapiga magoti mwenyewe, anakutajieni dhambi zake zote hata zile ndogo. Mimi nazunguka milimani mpaka soli ya kiatu imekwisha."

"Tofauti ni moja tu, Inspekta. Padre akishasikia hufunga mdomo."

"Na mimi nikishasikia hufunga mtu!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama mdogo, ambaye Kiswahili chao cha haraka kilimpita, alitabasamu kwa heshima na kuwaongezea.

Sasa nieleze nilichokiona mimi. Niliona mwanamume na mwanamke waliotoka mbali kwa sababu ya kifo. Niliona wananusa vibuyu na vikombe. Niliona wamemfunga kuku na kukaa kumwangalia. Niliona wanamwita mtu mmoja mmoja na kumwuliza alikuwa akiishi vipi na marehemu. Hayo yote nilikwisha kuyaona kwa waganga wetu wa kupiga ramli, na sikuwa na shaka hata chembe. Walikuwa wamekuja kuutafuta moyo. Kuku hakufa, nilidhani hiyo nayo ni heri.

Siku ya nne nikashikwa na homa, nikalazwa zahanati. Sista alinipa dawa chungu asubuhi na jioni, lakini nilizidi kuungua. Nami nikafanya hesabu yangu ya kitoto: hasira ile iliyomwua Mwalimu haijapozwa, inatembea, na sasa imenifikia mimi. Kesho yake asubuhi wakaja wote wawili wakakaa kando ya kitanda.

"Usiogope," Sista aliniambia kwa lugha yetu. "Inspekta anauliza kama unajua kilichomwua Mwalimu."

Mambo mengi niliyaona siku ile. Niliona mbwa wa padre, niliona mchicha, niliona chupa. Lakini watu wazima hawatoki Mombasa kuja kuulizia mchicha na chupa. Chupa ni kama mbu, ipo kila mahali.

"Ni hasira," nikasema. "Mama mdogo ana hasira na Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya mtoto aliyezikwa huko nje. Hajaisema. Mwambieni aiseme."

Sista akatafsiri. Inspekta akafungua uzi wa daftari.

"Mwulize ana hakika?"

"Nina hakika," nilijibu kwa furaha, kama mtoto aliyepatia swali la katekisimu.

Wakamwita. Aliingia na mikono yenye unga, akanijia moja kwa moja, akalaza shavu lake juu ya paji langu. "Mtoto huyu anaungua," alisema.

"Wakesho, jibu kwanza," Sista akamwambia. "Ulikuwa na hasira na Mwalimu Petro?"

Mama mdogo alinitazama, akaona kwamba mimi ndiye niliyesema. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyesaidiwa kutua mzigo.

"Nilikuwa nayo. Sikuitaka. Niliifukia kama mtu anavyofukia kaa la moto, ikawaka huko huko chini."

"Ni wewe uliyemwua?"

"Ni mimi. Ni moyo wangu. Naomba maji."

Sista akamgeukia Inspekta. "Anakiri. Anasema ni yeye. Anaomba maji ya kunywa."

"Mpe, maskini," alisema Inspekta. "Midomo imemkauka."

Akaletewa kikombe. Mama mdogo alijaza maji kinywani, akainama, akayapuliza juu yangu mpaka shuka likalowa, akatamka kwamba amepoa, na kwamba chochote kilichotoka moyoni mwake kirudi na kuniacha mimi. Sista aliruka nyuma. Inspekta alisimama, akasema kwamba hajawahi kuona mtu akitema namna hiyo mbele ya askari, tena juu ya mtoto aliyemshtaki. Na jambo hilo nalo akaliandika.

Adhuhuri homa ikanitoka. Mama mdogo alikuwa bado ameketi kibarazani chini ya ulinzi, akisubiri gari la polisi. Nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe nikamwonyesha kwamba nimepona. Akanikumbatia.

"Umefanya vema kunitaja, mwanangu," aliniambia. "Nisingeweza peke yangu."

Mimi nilimpungia mkono gari lilipoondoka. Nilidhani watarudi naye kabla ya mahindi kukomaa.

Mjukuu wangu ameweka kalamu chini. Ananiuliza kwa Kiingereza kama hatukuwa na wakili. Nimemwambia arudie swali kwa Kiswahili, amerudia, na jibu ni kwamba wakili alikuwepo, alipewa na serikali, na alimshauri mama mdogo akae kimya. Akae kimya! Yaani airudishe hasira ndani. Tumboni mwa marehemu walikuta dawa ya ng'ombe. Jaji alimwuliza ameitoa wapi sumu hiyo, akajibu kwamba ilitoka moyoni mwake. Walimfikiria kuwa ana kiburi. Jaji akasema anamhurumia kwa sababu ya mtoto wake mchanga, akampa kifungo cha maisha badala ya kitanzi.

Sista Winifrida alitoa ushahidi, akarudi amekonda. Nilimkuta ukumbini amepiga magoti, akisugua nta sakafuni na kusema na sista mwenzake kwa Kiswahili. Alisema kwamba hawezi kulala kwa sababu ya kuku. Kuku aliula uji ule, na yu hai, anataga. Basi mpishi aliitia wapi dawa ya ng'ombe, na chupa yake ilifikaje mikononi mwake, ilhali hakuwahi kuonekana ghalani?

"Chupa ya ghalani aliinywa Mwalimu mwenyewe," nikasema mlangoni. "Alidhani ni divai yake. Nilimwona."

Sista aliketi pale pale juu ya nta.

"Ulimwona? Kwa nini hukusema?"

"Hamkuniuliza alikunywa nini. Mliniuliza kilichomwua."

Ninyi wa rika langu mtalielewa jibu hilo. Yeye alilielewa polepole. Niliona likimwingia, na hapo ndipo nami nilipoanza kuelewa, kwa kuutazama uso wake, kwamba watu hawa hawakuwa waganga, na kwamba mahali mama alipopelekwa hakuna mtu aliyekuwa akimshukuru.

Inspekta alirudi kabla ya juma kwisha. Kwa hilo simlaumu. Lakini askofu alikuwa amezuru misheni katikati ya mambo hayo, na kwa ajili yake ghala lilikuwa limepakwa chokaa, rafu zimevunjwa, na chupa zote kuukuu zimetupwa katika shimo la choo. Wawili hao walisimama katikati ya weupe ule kama watu waliopotea njia.

"Mtoto anasema kweli, Inspekta. Naapa."

"Huenda anasema kweli, Sista. Lakini wakili wa serikali atamwuliza swali moja tu: ni siku gani uliyosema kweli, siku ile au leo? Na mama mwenyewe amekiri kwangu, amekiri kwa jaji. Nitamtoaje mtu jela kwa nguvu?"

"Basi twende tukamwombe akane."

Tulikwenda sote watatu, kwa gari moshi. Mama mdogo aliletwa nyuma ya wavu, amevaa nguo ya jela, nywele zimekatwa. Alifurahi kuniona mpaka akasahau kuwaamkia wakubwa. Sista alimsihi kwa muda mrefu. Alimweleza juu ya chupa, juu ya kuku, juu ya namna neno moja tu la kukana lingeweza kulipeleka jambo lake mbele ya majaji wengine.

"Nikane nini, Sista? Hasira nilikuwa nayo."

"Kana kwamba ulimwua!"

"Nilipokiri, mtoto alipona. Wewe ulikuwepo. Nikisema leo kwamba haikuwa mimi, hasira itarudi, na itamfuata nani? Mimi sina mwingine."

"Wakesho, nilimpa dawa. Ni dawa iliyomponya."

"Ulimpa asubuhi na jioni, akazidi kuungua. Mimi nilitasa mara moja." Alisema kwa upole, bila kumbishia, kama mtu anayemsahihisha mgeni. "Dawa yako ni nzuri, Sista. Lakini wangapi umewapa nao wamekufa?"

Safari hii Sista alitafsiri kila neno. Inspekta alivua kofia. "La haula," alisema. Kisha akauliza, "Siku ile ya kikombe cha maji, hakuwa akitukana mtu?"

"Hapana. Alikuwa akimponya."

Inspekta alilifunga daftari lake, akalifungua, akalifunga tena. Mimi nilishika wavu kwa mikono miwili. "Mama," nilimwambia, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo mbele za watu, "mimi niliiona chupa. Ni chupa iliyomwua. Si wewe. Njoo nyumbani."

Akaingiza vidole viwili katika tundu la wavu, akanigusa shavu.

"Nyamaza, mwanangu. Chupa haina moyo."

Inspekta aliandika barua kwa wakubwa wake. Sista aliandika tatu. Zilijibiwa kwamba shauri limekwisha. Inspekta akahamishwa mbali, na baada ya masika mawili mama mdogo alikufa kifungoni kwa ugonjwa wa kifua. Jela ilimzika yenyewe. Hatukuonyeshwa mahali. Mumewe hakurudi kutoka mkongeni, nami nikahamia kwa nyanya, aliyemzaa mama yangu na mama mdogo.

Mjukuu wangu anasema nilikuwa mtoto tu, kosa si langu. Nimemwambia andika, usihukumu. Watu wamenipa maneno hayo maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja kati yao aliyempungia mkono mama yake akipelekwa kufa.

Siku moja Sista Winifrida alikuja kwa nyanya, kwa miguu, peke yake. Alikuwa mgonjwa, amekuwa mwembamba kama fito, na wakubwa wake walikuwa wamemwamuru arudi kwao. Alipiga magoti uani, vumbini, na kumwambia nyanya kwa lugha yetu, "Mama, sikuja kusamehewa kwa maneno. Mtoto huyu ana hasira nami, na ana haki nayo. Mimi ndiye niliyeyaita yale maji ya kunywa. Naomba atase."

Nyanya alishangaa kwamba Mzungu anajua kuomba jambo hilo. Alikuwa amefiwa na binti zake wote wawili, lakini desturi ni desturi, na aliyeomba kwa magoti hanyimwi. Akaingia ndani, akatoka na maji katika kata, akanipa. Nikajaza kinywa. Maji yalikuwa baridi, yalitoka mtungini. Sista alikuwa amefumba macho, ameuinua uso, akiungoja umande.

Nikayameza.

"Tena," alisema nyanya.

Nikajaza tena, nikameza tena, nikiwa nimemkazia macho. Kata ikaisha. Sista akafumbua macho, akaona uso wake mkavu. Hakulia, wala hakunisihi. Alimshukuru nyanya, akajipangusa magoti, akashika njia. Aliniachia nafasi katika shule ya misheni, na kibao cha kuandikia, na sare iliyokwisha kushonwa. Sikwenda hata siku moja. Sikutaka kujifunza kazi ile niliyomwona Inspekta akiifanya kando ya kitanda changu.

Mavuno hayajafika, padre alitangaza altareni kwamba Sista Winifrida amefariki katika mji wake wa Birmingham. Alitaja ugonjwa; alisema ni mapafu. Kanisa zima likapiga magoti kumwombea, wanawake wakalia, maana aliwazalisha wengi wao. Mimi sikuusikiliza ugonjwa. Ugonjwa ni mbu, ugonjwa ni chupa. Mimi nilijua kilichomwua, na nilijua kilitoka kwa nani, na kwamba kilipewa nafasi mbili za kutoka kwa heri kikakataa.

Tulipofika nyumbani sikumwambia nyanya neno. Nilivaa tena gauni langu la kanisani, nikachana nywele, nikakaa mlangoni kumngoja Inspekta Athumani aje na daftari lake. Safari hii asingehitaji mkalimani, kwani nilikuwa nimekwisha kujua Kiswahili cha kutosha kumjibu. Nilikaa siku nne. Hakuja kuniuliza.